Kilimanjaro ina mita ngapi hasa? Tuulize timazi

Haya wadau, leo naomba tuziache siasa za majukwaani tuongelee mita. Najua wengine mtasema huyu kijana kaishiwa habari, lakini nivumilieni, mbele ya safari mtaona pesa, maji na mafuta vyote vimo humu humu.

Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania ukimwamsha usiku wa manane atakwambia Kilimanjaro ina mita 5,895. Iko vitabuni, iko kwenye bango pale kilele cha Uhuru, iko kwenye fulana za watalii. Namba hiyo ilitoka mwaka 1952, kazi ya wapima wa Kiingereza waliopima pembe kwa darubini kutoka mbali. Mwaka 1999 wataalamu kutoka Karlsruhe, Ujerumani, pamoja na wenzetu wa UCLAS (ndo hicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007) walipanda na mashine za GPS, wakarudi na 5,892 na ushee. Mwaka 2008 ikaenda timu nyingine ya kimataifa, safari hii wakibeba GPS na pia vifaa vya kupima nguvu ya mvutano wa dunia. Jibu lao: karibu 5,891.

Swali la kwanza la mtaani ni "barafu imeyeyuka?" Hapana. Barafu inayeyuka kweli, lakini pale Uhuru unasimama juu ya ardhi ya ukingo wa kreta, barafu iko pembeni. Mlima haujanywea mita nne. Kilichobadilika ni namna ya kupima, na zaidi ya hapo jibu la swali ambalo wengi wetu hatujawahi kujiuliza: mita 5,895 kutoka WAPI?

"Kutoka usawa wa bahari," utajibu haraka. Sawa. Lakini bahari iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibo. Hakuna bahari chini ya Moshi. Nani kasema usawa wa bahari ungekuwa wapi kama maji yangeingia chini ya mlima?

GPS haijui bahari

Setilaiti za GPS zinapima urefu kutoka kwenye umbo la kihesabu, dunia iliyolainishwa kama chungwa lililobonyezwa kidogo juu na chini. Wataalamu wanaliita elipsoidi. Ni umbo zuri la kukokotolea, lakini bahari haina habari nalo. Ukisimama Coco Beach, Dar es Salaam, maji yakikugusa miguu, na GPS yako ikakupa urefu mbichi wa elipsoidi, itakwambia uko zaidi ya mita 20 CHINI ya sifuri. Hujazama, ni sifuri mbili tofauti. Simu nyingi zinakusahihishia kimya kimya kwa modeli iliyofichwa ndani, ndiyo maana hushtuki.

Sifuri ya kweli, ile ambayo maji yanaijua, inaitwa jioidi. Fikiria bahari imetulia, hakuna upepo wala kupwa na kujaa, kisha chimba mifereji ya kufikirika kila mahali chini ya nchi kavu, maji yaingie yatulie. Uso wa maji hayo ndo jioidi. Haulingani kama meza. Kusini mwa India umebonyea kama mita 100 chini ya elipsoidi, na pwani yetu iko kwenye ukingo wa magharibi wa bonde hilo. Karibu na New Guinea umeinuka zaidi ya mita 80. Maji hayateremki kutoka New Guinea kwenda India, kwa sababu kwa maji huo ndio usawa wenyewe. Kinachoamua ni mvutano: penye maada nyingi chini, maji yanavutwa na kurundikana.

Na mlima ni maada nyingi.

Timazi likidanganywa

Fundi yeyote wa kujenga anajua timazi: uzi na risasi chini. Linaonyesha wima. Sasa jenga nyumba pembeni ya mlima mkubwa. Dunia inalivuta timazi kwenda chini, na mlima nao unalivuta kidogo ubavuni. Uzi unainama kidogo kuelekea mlimani. Pimamaji nayo itainama hivyo hivyo, na maji ndani ya ndoo pia, kwa hiyo hakuna kifaa pale kitakachokwambia kuna tatizo.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1738 Mfaransa Pierre Bouguer alijaribu kulipima kwenye mlima Chimborazo, katika nchi tunayoiita leo Ecuador. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne alikwenda mlima Schiehallion kule Uskoti, akapima nyota pande mbili za mlima, kusini na kaskazini. Tofauti iliyosababishwa na mlima ilitoka kama sekunde 11.6 za pembe (sekunde moja ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600). Ni ndogo mno, lakini kwa hiyo Charles Hutton alikokotoa kwamba dunia nzima ni nzito kama mara 4.5 ya maji yenye ujazo huo huo. Leo tunajua ni kama 5.5. Kwa watu wa karne ya 18 wenye darubini na mlima mmoja, heshima yao!

Ila hadithi tamu zaidi ni ya India. Wapima wa Kiingereza chini ya George Everest walipima umbali kati ya Kaliana, karibu na Himalaya, na Kalianpur kusini yake. Kwa kamba na pembe walipata jibu moja, kwa nyota wakapata jingine, tofauti sekunde 5.236, ambayo ardhini ni kama mita 160. Mwaka 1855 padri mmoja, John Henry Pratt, akakaa chini akakokotoa Himalaya ingepaswa kuvuta timazi kiasi gani. Akapata karibu sekunde 16! Yaani mlima ulikuwa unavuta, lakini theluthi tu ya ulivyopaswa.

Kwa nini? Mwaka huo huo George Airy akatoa wazo: milima ina mizizi. Chini ya mlima mkubwa, mwamba mwepesi wa ganda la dunia umezama ndani ya mwamba mzito zaidi wa chini, kama mtumbwi uliopakia mzigo unavyozama zaidi majini. Kilichoongezeka juu kinafidiwa na wepesi wa chini. Pratt naye akaja na maelezo yake tofauti. Hadi leo wanafunzi wanasoma yote mawili.

Kwa hiyo shikeni hili: mlima unaouona kwa macho ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko chini, na macho hayaifikii.

Hesabu kidogo, msikimbie

Kipimo cha kazi hii ni miligali, jina limetokana na Galileo. Moja ni kama sehemu moja ya milioni ya mvutano wa kawaida.

Ukipanda juu hewani mita moja, mvutano unapungua miligali 0.3086 maana unaenda mbali na kiini cha dunia. Lakini mlimani hujaning'inia hewani, una mwamba chini ya miguu, na huo unakuvuta. Ukiuchukulia kama bamba pana lisilo na mwisho, lenye densiti ya 2.67 (mara 2.67 ya maji), kila mita ya mwamba inaongeza miligali 0.112 hivi. Bamba hilo wameliita kwa jina la yule yule Bouguer.

Chukua mtu wa kilo 70 atoke Moshi apande kama mita 5,000 hadi Uhuru. Kwenye mizani ya springi atapungua kati ya gramu 70 na 110 hivi, hata kama amekula ugali njia nzima. Kwa nini sijatoa namba moja? Kwa sababu Kilimanjaro siyo bamba, na hapo ndo umbo la ardhi linapoingia.

Unapima mvutano mahali fulani. Pembeni yako kuna kilima kilichokuzidi urefu. Kinakuvuta kuelekea juu, kwa hiyo mvutano wa kwenda chini unapungua. Upande wa pili kuna bonde. Hesabu ya bamba ilidhani pale kuna mwamba unaokuvuta chini, kumbe hakuna kitu, ni hewa. Mvutano unapungua tena! Kilima kinapunguza, bonde nalo linapunguza. Ndiyo maana sahihisho la umbo la ardhi ukishaondoa bamba huongezwa siku zote, halitolewi. Nilipolielewa hili nilicheka peke yangu. Mwaka 1939 Sigmund Hammer alitoa chati ya kuligawa eneo kwa duara na vipande ili kulikokotoa kwa mkono. Leo kompyuta inafanya, lakini kompyuta inahitaji ramani nzuri ya miinuko, na inahitaji kujua densiti.

Tena kuna kichekesho. Mlima kwa uzito wake unavuta jioidi kupanda chini yake, kwa mlima kama wetu mita kadhaa. Sifuri ikipanda, urefu unapungua. Yaani mlima unajipunguzia urefu wenyewe kwa uzito wake!

"Si kuna setilaiti?"

Hili ndo jibu la watu wa mjini kwa kila kitu. Ndiyo, zipo. GRACE ilifanya kazi kuanzia 2002 hadi 2017, na mdogo wake GRACE-FO alirushwa 2018. Ulaya walirusha GOCE mwaka 2009, ikaanguka 2013 baada ya kumaliza mafuta. Kazi nzuri sana. Lakini GOCE ilikuwa inaruka kilomita 255 hivi juu, baadaye ikashushwa kidogo. Kutoka kule mvutano unaonekana kama picha iliyotiwa ukungu: kitu cha upana chini ya kilomita 80 au 100 hakionekani vizuri. Kilimanjaro yote, Kibo, Mawenzi na Shira, ina urefu wa kama kilomita 80 na upana wa 50. Kwa setilaiti ni uvimbe mmoja tu.

Mwaka 2008 Wamarekani walitoa modeli ya dunia nzima, EGM2008, yenye uchambuzi wa kilomita 9 hivi. Inatumika kila kona, hata kwenye mashine za kupimia viwanja. Umakini huo haukutoka angani peke yake, ulitoka kwenye vipimo vya ardhini, baharini na angani vya nchi mbalimbali. Na pale ambapo vipimo vya ardhini havikupatikana au havikuruhusiwa kutumika kwa ukamilifu, sehemu kubwa ya Afrika ikiwemo, walijazia kwa kukokotoa mvutano kutokana na UMBO la ardhi. Ramani ya miinuko walikuwa nayo, chombo cha Endeavour kiliipiga kwa rada ndani ya siku 11 Februari 2000. Wakachukua milima, wakaipa densiti ya kawaida, wakakokotoa.

Siyo ujinga, ni akili nzuri pale usipokuwa na kitu kingine. Mwaka 2013 Christian Hirt na wenzake wa Australia walitumia njia ya namna hiyo kutengeneza ramani ya mvutano yenye uchambuzi wa mita 200 hivi, iliyoonyesha mlima Huascarán wa Peru kuwa na mvutano mdogo kuliko kote duniani. Lakini tuitaje kwa jina lake: mvutano wa umbo. Unachukulia mlima wa majivu na kokoto za volkano sawa na mlima wa mwamba mgumu wa kale. Oldoinyo Lengai na Uluguru zinapewa densiti moja. Mtu anayesoma modeli hiyo akadhani kaona kilicho chini ya mlima, kaona umbo la juu limerudishwa kwake kama mwangwi.

Na maziwa je? Rada inaona uso wa maji tu. Ziwa Tanganyika uso wake uko kama mita 770 juu ya bahari, na kina chake kinafika mita 1,470. Anayekokotoa kwa ramani ya uso peke yake atadhani chini ya uso ule ni mwamba, kumbe ni maji mepesi. Kosa linafika makumi ya miligali. Bonde la ufa lote limejaa mitego kama hii: kuta, maziwa, volkano, mashapo mepesi. Mwingereza Edward Bullard alipima mvutano huku kwetu kwa pendulamu na kutoa kazi yake 1936. Aliona mvutano pungufu kwenye mabonde, akahitimisha kwamba kuta zinasukumana kulikandamiza bonde lisiinuke. Baadaye ikaonekana ni kinyume, ardhi inatanuka. Vipimo vyake vilibaki kuwa vya maana, maelezo ndiyo yalianguka. Ndiyo faida ya kupima kweli: wanaokuja nyuma wanaweza kukurekebisha.

Sasa pesa iko wapi?

Mita tatu za Kilimanjaro hazitamuua mtu. Lakini tatizo lile lile linashuka mlimani hadi kijijini.

Miradi ya maji ya mserereko, ile isiyotumia pampu, inategemea kitu kimoja: maji yajue njia ya kushuka. Wazee wa Uchaggani walichimba mifongo kilomita na kilomita kuzunguka miteremko bila GPS, kwa sababu maji yenyewe ndiyo yalikuwa kipimo chao. Maji yanafuata jioidi moja kwa moja. Sisi leo tunakuja na GPS na droni, tunapata namba za elipsoidi, halafu tunazibadilisha kwa modeli. Karibu na mlima mkubwa timazi likiinama sekunde 20, hiyo ni kama sentimita 10 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 10 ni mita nzima. Kwenye bomba la mteremko mkali huioni. Kwenye mfereji wa tambarare au bomba la majitaka, mita moja ndiyo tofauti ya kutiririka na kutuama. Anayetumia modeli nzuri yuko salama. Anayetumia iliyojaziwa kwa kukisia anacheza bahati nasibu na hela ya wananchi.

Droni zimeshaingia. Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni 2016, na Dar es Salaam ramani za mafuriko zimechorwa na vijana chini ya Ramani Huria. Swali la kuuliza kila mradi: namba zenu za urefu zimetoka kwenye sifuri ipi? Kazi mbili zikitumia sifuri mbili, zikikutana mpakani zinaachana hata kama kila moja ni safi.

Watu wetu wamefanya kazi. Mwaka 2009 Prosper Ulotu alikamilisha tasnifu ya udaktari kule Stockholm akiwa na modeli ya jioidi ya Tanzania, TZG08. Kichwa cha tasnifu yenyewe kinasema alitumia data chache na zilizotawanyika bila ulingano. Mtaalamu tunaye, vipimo ndo haba.

Vipimo vingine viko wapi? Kampuni zinazotafuta mafuta na gesi kwenye mabonde ya ufa hupima mvutano kabla ya kutoboa kisima, kwa sababu mashapo mepesi yanaonekana hivyo. Wao wanataka kujua mafuta yako wapi, wakimaliza data inafungiwa kabatini kama siri ya biashara. Siri ya kisima naielewa. Lakini mvutano uliopimwa miaka mingi iliyopita kwenye kitalu ambacho kampuni imeshakirudisha, unamficha nani?

Tazameni Nepal. Mlima wao uligombaniwa miaka mingi, China mwaka 2005 wakisema mwamba una mita 8,844.43. Nepal wakapeleka watu wao kileleni Mei 2019, wakapima mvutano, wakatumia na vipimo vya ndege. China nao wakapanda Mei 2020 na kupima mvutano kule kule juu. Desemba 8, 2020 nchi mbili zikatangaza namba moja kwa pamoja: 8,848.86. Nchi maskini ilikataa kuambiwa urefu wa mlima wake na wengine, ikaupima yenyewe, na jirani mkubwa akatangaza naye.

Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Februari 2015 kuhusu mfumo wa marejeo wa dunia linahimiza nchi kugawana data za aina hii kwa uwazi. Kwa maoni yangu sisi tunahitaji mambo matatu. Moja, mkataba wowote mpya wa utafutaji mafuta, gesi au madini uwe na kifungu kwamba data za mvutano zinakabidhiwa, na baada ya muda maalumu zinakuwa za umma. Mbili, vipimo vya ardhini viongezwe pale ambapo umbo la ardhi ni gumu: Kilimanjaro, Meru, Uluguru, Livingstone, kingo za Tanganyika na Nyasa. Huko ndiko kukisia kunakosea zaidi na ndiko wapima hawapendi kupanda. Tatu, kila zabuni ya maji, barabara na ramani itaje jioidi iliyotumika, kwa jina, kwenye karatasi ya kwanza.

Hayo hayahitaji kurusha roketi. Yanahitaji gari, kifaa, vijana wenye miguu, na mtu ofisini asiyefungia makaratasi.

Kuhusu bango la pale Uhuru, mimi sisemi lifutwe kesho. Ila siku tukibadilisha namba ile, iwe kwa sababu tumepima sisi, tumeweka vipimo mezani, na mtoto wa darasa la saba akiuliza "kutoka wapi?" mwalimu awe na jibu.

Haya, wapima ardhi, wahandisi wa maji na mlioko vyuoni, uwanja ni wenu. Kama kuna mwenye uzoefu wa mradi uliokwama kwa sababu ya sifuri mbili, atumwagie hapa chini. Naomba kuwasilisha.